Barua Ilifika, Kengele Haikulia

Kwa siku kumi na moja simu yangu ilikaa kimya, nami siku zote hizo niliamini kwamba sijajibiwa.

Ilikuwa Oktoba 2023, msimu wa korosho umeshika kasi, na mimi nafundisha sekondari moja wilayani Ruangwa. Nilikuwa nimeomba ufadhili wa kusomea shahada ya pili. Kila nikisahihisha madaftari niliiweka simu mezani kando ya kalamu nyekundu, sauti nimeipandisha hadi mwisho. Ujumbe mfupi uliingia. WhatsApp iliingia. Mama alipiga kutoka Nachingwea kuuliza kama wikiendi nitakwenda kusaidia kuokota korosho. Barua pepe haikulia hata moja. Siku ya kumi na moja nilikuwa natafuta risiti ya zamani, nikafungua programu ya barua kwa mkono wangu, na barua zikaanza kuingia kwa mpigo, moja juu ya nyingine. Chini yake, imeshafunikwa na matangazo, ilikuwepo ile niliyoingoja. Walitaka nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, ziwafikie ndani ya siku saba.

Taasisi hiyo siitaji, na sina lawama nayo. Iliandika, ikatuma, ikasubiri. Nilipopiga, dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akasema nafasi imekwishakwenda kwa mwombaji aliyefuata.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilichokitaka zaidi ya nafasi yenyewe kilikuwa kujua. Barua ilipita wapi siku kumi na moja? Kama ilikuwa Marekani kwenye seva, nani aliizuia? Kama ilikuwa ndani ya simu, mbona sikuambiwa? Ijumaa jioni nikapanda gari la Nachingwea.

Fundi wangu wa simu ana kibanda karibu na stendi: meza moja, kioo cha kukuzia, mswaki wa kusugulia bodi, na kikopo cha thina kinachonukia hadi barabarani. Ni kijana, niliwahi kumfundisha. Alinipa shikamoo bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiifungua, nikaitikia, nikamweleza: simu yangu haileti barua pepe.

“Haileti, mwalimu, au inaleta haisemi?”

Sikuwa na jibu. Nadhani hata leo watu wengi wanaokwenda kwa mafundi na shida hii hawana jibu, na wengi huondoka simu zao zikiwa zimefutwa kila kitu, picha za watoto zimepotea, na kengele bado hailii. Yeye hakufuta kitu. Alichukua simu yake, akaniandikia barua pepe yenye neno moja, “Habari”, akatuma. Simu yangu ilikuwa mezani, kioo kimezimwa. Akasema tusiiguse. Tukangoja. Bodaboda zikapita, mama mmoja akaja kuulizia chaja akaondoka. Dakika nne, tano. Kimya. “Sasa ifungue mwenyewe.” Nikagusa programu ya barua. Kabla sijahesabu hadi tatu, “Habari” iliingia, na simu ikalia kana kwamba barua imetumwa sekunde ile ile.

“Umeona mwalimu? Barua ilikuwa mlangoni. Aliyetakiwa kufungua alikuwa amelala.”

Jaribio lile la dakika tano ndilo ninalolianzia hadi leo, na sijui njia nyingine inayoeleza mengi kwa gharama ndogo namna hiyo. Ukiifungua programu na barua zikaingia papo hapo, basi posta ya mbali ni nzima na anwani ni sahihi. Tatizo ni kwamba simu haiendi kuchukua mpaka usukume. Ukiifungua ukakuta barua zimekwishaingia tangu asubuhi, zimelala tu hazijasomwa, basi simu inachukua ila haisemi. Hapo unatafuta kwenye ruhusa na sauti. Na ukivuta chini mara tatu bila kitu kuingia, huku mwenzako anaapa ametuma, acha kuhangaika na simu: angalia kapu la taka, angalia nafasi kwenye akaunti, angalia kama ulibadilisha nenosiri ukasahau kuliandika upya. Zinaonekana shida moja kwa sababu zote tatu husikika sawa. Husikika kimya.

Yangu ilikuwa ya kwanza. Fundi akaingia kwenye setingi, nami nikiangalia kila anachogusa. Kiokoa betri kilikuwa kimewashwa. Usawazishaji wa akaunti ulikuwa umezimwa. Tena kulikuwa na programu ya kusafisha simu, ile inayokuja na simu yenyewe kutoka dukani, ambayo kila nikizima kioo ilifunga programu zote zilizo nyuma isipokuwa chache ilizozipa ruhusa. WhatsApp ilikuwemo kwenye hizo chache. Programu ya barua haikuwemo. Hapo nikaelewa kilichokuwa kikinidanganya. Mtu akiona WhatsApp inaingia huridhika kwamba mtandao upo, bando lipo, simu nzima inafanya kazi, kumbe kila programu ina mlango wake na mlinzi wake.

“Nani amekuwekea hivi?” akauliza.

Ni mimi. Nilikumbuka hata siku. Kiokoa betri nilikiwasha mwaka uliotangulia, kipindi umeme unakatika kila jioni na simu yangu ndiyo taa ya kuandalia masomo. Usawazishaji niliuzima mwenyewe baada ya kuona bando la wiki limekwisha siku ya tatu. Mwenzangu wa ofisini aliniambia, zima hiyo, ndiyo inayokula. Alisema kweli, ilikuwa inakula. Na ile programu ya kusafisha niliigusa kitufe chake kikubwa cha kijani kila asubuhi nikiamini naifanyia simu wema. Nilikuwa nimeiamuru simu mara tatu, kwa miezi tofauti, isiniletee barua mpaka niiombe, nayo ilitii.

Hili ndilo ninalotaka wanaotuma barua zenye tarehe za mwisho walifahamu. Mtu wa Ruangwa au Nachingwea hazimi data kwa uzembe. Anayekwenda shamba la korosho Ijumaa na kurudi Jumapili jioni, mahali ambapo hakuna pa kuchajia, lazima betri ya asilimia mia moja impeleke siku tatu, maana mtu anaweza kuugua nyumbani na simu ikatakiwa ipokee. Anayenunua bando la shilingi mia tano halihesabu kama anayelipiwa na ofisi. Kubana betri na kubana data ni akili ya nyumba, kama kufunika chungu ili kuni zisiishe. Ila simu za siku hizi zimetengenezwa zikidhani ziko kwenye umeme na intaneti muda wote, na kengele ya barua pepe imetundikwa juu ya dhana hiyo.

Baadaye nilisoma zaidi, kwa sababu nilitaka kuelewa usingizi wenyewe. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, simu iliyozimwa kioo, isiyochajiwa na isiyotikiswa husinzia. Ikishasinzia huzinyima programu mtandao, kisha huamka kwa vipindi vifupi kuziruhusu zifanye kazi zao zote kwa pamoja, na kadiri inavyolala ndivyo vipindi hivyo vinavyozidi kuachana. Katikati ya usingizi huo huacha uzi mmoja tu wazi kati yake na seva za Google, na ujumbe uliotiwa alama ya haraka unaweza kupita kwenye uzi huo ukaiamsha. Hivyo ndivyo barua ya saa nane usiku inavyoweza kulia. Lakini programu uliyoilazimisha isimame kule kwenye setingi haisikii hodi hata hiyo ya haraka, mpaka siku utakapoifungua mwenyewe. Watengenezaji wengi wa simu za bei tunayoimudu nao wameongeza ulinzi wao juu ya ule wa Android, ili waweze kuandika kwenye boksi kwamba betri inakaa siku mbili.

Fundi hakunirudisha kwenye kuteketeza bando. Aliacha kiokoa betri kizimwe kwa kawaida, niwashe nikienda shamba tu. Akairuhusu programu ya barua pekee itumie betri bila vikwazo, akaitoa kwenye orodha ya zinazosafishwa, akawasha usawazishaji wa barua na kuuzima ule wa picha. Barua ya maandishi matupu ni nyepesi sana. Kilichokuwa kinamaliza bando langu zilikuwa picha, si barua. Tukarudia jaribio. “Habari” ya pili iliingia simu ikiwa mezani, haijaguswa. Alitaka shilingi elfu mbili. Nikampa tano.

Tangu hapo nimekuwa mtu anayeombwa kuangalia simu. Sikupanga, habari ilienea ofisini kwamba mwalimu fulani alipoteza nafasi, na kila mwenye barua anayoingoja akaanza kuja.

Kwa walimu, wengi walikuja na vishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile, na kwa baadhi yetu hicho ndicho kifaa cha kwanza kikubwa cha kusomea tulichowahi kukabidhiwa. Mwalimu mmoja wa kike aliniletea chake kikiwa kimekaa kabatini likizo nzima mpaka chaji ikaisha kabisa. Kilipowashwa hakikuleta barua, na kila ukurasa aliofungua ulimwambia muunganisho si salama. Nilihangaika nusu saa kwenye arifa. Kisha nikaitazama tarehe pembeni ya kioo: kilikuwa kinadhani kipo mwaka mwingine kabisa, miaka mingi nyuma. Hakikuwa na laini ya simu ndani yake ambayo ingekipa saa ya mtandao. Seva za barua hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kifaa chenye saa ya uongo huviona vyeti halali kuwa batili, basi hukataa kuzungumza. Tuliirekebisha saa. Barua zikaingia kabla hajamaliza kuniuliza nimefanya nini.

Aina ya pili, ya simu inayochukua lakini haisemi, niliikuta kwa katibu wa AMCOS moja ya huku kwetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzee ninayemwamkia. Miezi ya minada ya korosho huwa haachi simu mkononi. Malalamiko yake yalikuwa ya ajabu: asubuhi simu inalia barua ya kwanza, halafu siku nzima hailii tena, na jioni anakuta barua kumi na mbili. Alishaambiwa na kijana mmoja spika imekufa. Spika ilikuwa nzima. Ndani ya mipangilio ya Gmail, kwenye kikasha, kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama ujulishwe kwa kila ujumbe. Kisipowekwa tiki, simu hulia kwa barua ya kwanza kisha hunyamaza hadi ufungue. Kwa mtu anayefungua kila saa hiyo ni huruma. Kwa mzee aliyekuwa ghalani tangu saa moja asubuhi akihesabu magunia, simu mfukoni, ilikuwa ni kunyang'anywa siku nzima. Nikaweka tiki. Pale pale nikamwonyesha mgawanyo wa kikasha: barua za watu huenda sehemu ya msingi, za makampuni na mifumo mara nyingi hutupwa kwenye matangazo au taarifa mpya, na huko kengele kwa kawaida imezimwa. Mifumo ndiyo inayotuandikia mambo mazito siku hizi.

“Kwa hiyo mwanangu,” akasema, “inalia kwa salamu, hailii kwa pesa.”

Kuna na hili la ruhusa. Simu yenye Android 13 ya mwaka 2022 au ya baadaye, ukipakua programu mpya, itakuuliza kama unaruhusu ikutumie arifa. Mtu aliyechoshwa na matangazo hugusa “Usiruhusu” bila kusoma. Akigusa hivyo mara mbili, haulizwi tena. Programu yenyewe ndani inaweza kuendelea kuonyesha kwamba arifa zimewashwa, kwa sababu upande wake imeziwasha kweli. Najua jinsi jina linavyoweza kubaki kitu chenyewe hakipo: nyumbani kwetu ni kata ya Stesheni, hapo hapo Nachingwea, na mgeni akisikia jina huuliza treni iko wapi. Reli ililetwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga, karanga zikashindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni zikakoma, reli ikang'olewa. Jina halikung'olewa. Kwa hiyo siamini neno “imewashwa” nikilisoma mahali pamoja. Nakwenda kuangalia kwenye setingi za simu, za programu, na za akaunti moja moja kama zipo mbili.

Wenye iPhone huku si wengi, ila mmoja alinifundisha kitu. Alikuwa anasoma Gmail kwa programu ya barua ya Apple yenyewe. Njia ile, kwa akaunti za kawaida za Gmail, haina hodi. Hodi hiyo Google waliifunga kwa vifaa vipya tangu 2013. Simu huenda kuchota kwa ratiba, na ratiba yake ilikuwa imewekwa “moja kwa moja”, ambayo maana yake halisi ni kuchota ikiwa kwenye chaja na kwenye Wi-Fi. Alipopanga chumba hakuna Wi-Fi. Tulimwekea programu ya Gmail yenyewe, akaondoka.

Na zile zisizoingia kabisa, nyingi nimezikuta zinatokana na nafasi kujaa. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 kwa barua, faili na picha kwa pamoja. Picha mpya zilianza kuhesabiwa zote Juni 2021, na akiba za WhatsApp nazo zikaingizwa kwenye hesabu hiyo kuanzia 2024. Kwa hiyo video za harusi na za mechi za timu ya Namungo zinazoingia kwenye kundi la mtaa, zikihifadhiwa kila usiku, zinaweza kuufunga mlango ambao barua ya kazi ilitakiwa kupita. Ikishajaa, anayekuandikia hurudishiwa barua yake. Wewe huambiwi chochote na mwandikaji huyo, maana naye anadhani umetoa anwani mbovu.

Naona siyo haki barua inayoweza kubadilisha maisha ya mtu kutumwa kwa njia moja tu, tena yenye kufuli nyingi namna hii, na kupewa siku saba. Ujumbe mfupi wa simu hauhitaji bando, hauhitaji programu, hauangalii kiokoa betri. Ukitua kwenye simu ya kitochi huko Mbekenyera unalia. Mstari mmoja wa kusema “angalia barua pepe yako” ungetosha. Kila nipatapo nafasi ya kuzungumza na mtu wa ofisi yoyote inayopokea maombi, namwomba hilo.

Baba yangu, aliyekuwa karani, alikuwa na sanduku la posta. Ufunguo wake aliufunga kwa kamba ya kiatu na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila Ijumaa baada ya kazi alikwenda posta, iwe anangoja barua au hangoji. Mara nyingi alirudi mikono mitupu, akautundika ufunguo, akaomba maji ya kunywa. Utotoni niliona ni matembezi. Siku hizi, kila Ijumaa nikishafunga madaftari, nafungua kikasha, nafungua matangazo, nafungua taka ambako barua hukaa siku 30 kabla ya kufutwa, nasoma majina ya waliotuma mpaka chini. Kengele yangu inafanya kazi. Naenda tu hata hivyo.

Mwaka jana binti wa kaka yangu alimaliza Kidato cha Sita, akaanza kuomba vyuo. Yuko Nachingwea kwa bibi yake, mimi Ruangwa. Nilimpigia nikamwelekeza kwa simu, setingi moja baada ya nyingine, akinisomea anachokiona. Tukamaliza jioni. Nikamwambia aiweke simu yake kabatini, kioo kimezimwa, isiwe kwenye chaja, asiiguse saa nzima, kwa sababu simu uliyotoka kuishika haijapata usingizi na itakudanganya. Akachukua simu ya bibi akae nayo.

Saa mbili na nusu usiku nikaandika “Jaribio la nne”, nikatuma. Nikampigia kwa laini ya mama. Tulisikilizana bila kusema. Nilisikia redio ya mama, nikasikia mtu anasogeza sufuria. Kisha kwa mbali, kutoka ndani ya mbao, nikasikia mlio mfupi.

“Baba mdogo,” akasema, “imelia.”